Mafunzo ya Wasimamizi wa Tiba ya Utambuzi na Tabia Mjini Mombasa: Tathmini ya Aliyehudhuria

Kwa washauri nasaha na wanasaikolojia wa Mombasa waliokwisha kukabidhiwa wenzao wachanga wawasimamie, huku wenyewe hawajafundishwa kusimamia, mafunzo ya Jumamosi yanayotolewa katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Ganjoni yanastahili ada yake, ijapokuwa si kwa sababu zilizopambwa katika tangazo. Tangazo linaahidi nadharia, maadili, uongozi na hata namna ya kujitafutia wateja. Kilichonifaa mimi ni kimoja, nacho kinatosha: pale msimamizi analazimishwa kuacha kusimamia masimulizi na kuanza kusimamia tiba yenyewe. Mengine yalikuwa ya kawaida, na baadhi yalikuwa na kasoro ambazo sitazifunika. Kituo sikitaji kwa jina, kwa kuwa lawama zangu si chache na mji wetu ni mdogo. Walio katika fani watakitambua, na wasiokitambua wanaweza kuyatumia maelezo haya kupima mafunzo yoyote ya aina hii watakayoalikwa.

Namna usimamizi unavyofanyika kwingi hapa Pwani inajulikana. Mshauri nasaha huja na daftari lake, huketi, humsimulia msimamizi habari za wateja wake, msimamizi husikiliza kwa upole, husema "hapo ungemwambia hivi", kisha hutia sahihi kwenye fomu ya saa za usimamizi. Wote wawili huondoka wameridhika. Katika aina nyingine za ushauri nasaha pengine utaratibu huo una faida yake, lakini katika tiba ya utambuzi na tabia, ambayo wengi wetu tunaiita CBT tu, unaacha nje karibu kila kitu kinachopaswa kukaguliwa. Tiba hii ina umbo: ajenda hupangwa kwa pamoja na mteja mwanzoni mwa kikao, kazi ya nyumbani ya wiki iliyopita hurejewa, fikra inayomsumbua mteja hutafutwa kwa maswali na kupimwa kwa ushahidi, jaribio la vitendo hupangwa, na mwishoni mteja huulizwa amechukua nini. Mtu anayesimulia kikao chake baada ya wiki mbili hawezi kukuambia kwa uhakika kama aliyafanya hayo, hata akiwa mkweli kiasi gani, kwa sababu anachokumbuka ni habari za mteja, wala si mwenendo wake yeye mwenyewe.

Ndiyo maana tiba hii imezoea tangu zamani kusikiliza rekodi za vikao. Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili aliyeiasisi Philadelphia katika miaka ya 1960, alitunga pamoja na Jeffrey Young mwaka 1980 kipimo cha kumpima mtoa tiba kwa kusikiliza kikao chake, na mwaka 2001 watafiti wa Newcastle nchini Uingereza wakatoa toleo lililorekebishwa, lenye vipengele 12, kila kimoja kikipewa alama kuanzia 0 hadi 6, jumla 72. Alama 36 huchukuliwa mara nyingi kuwa mstari wa chini wa umahiri. Mafunzo ya Ganjoni yamejengwa juu ya kipimo hiki, na hapo ndipo wakufunzi wanapostahili sifa, kwa kuwa hawakutusomea vipengele 12 kutoka ukutani na kutuaga, bali walitukalisha tukasikiliza.

Rekodi tuliyopewa ilikuwa ya kuigizwa, jambo ambalo walilisema wazi mapema. Mteja ni mwanamke wa Likoni anayefanya kazi kisiwani, aliyeacha kupanda feri tangu aone picha za gari lililoteleza na kuzama kivukoni mwaka 2019. Sasa huzunguka kwa njia ya Dongo Kundu, hufika kazini amechelewa, na nauli inamla. Mtoa tiba ana sauti nzuri, ana huruma, anamwelewa. Anamweleza jinsi hofu inavyofanya kazi mwilini, anamchorea duara la fikra, hisia na tabia, anamhakikishia kwamba feri hubeba maelfu ya watu kila siku na kufika salama. Kikao kinakwisha kwa kumwagiza mteja "ajaribu kufikiria mazuri" wiki hiyo. Tulipoulizwa maoni kwa mdomo, karibu wote tulikisifu. Kisha tukapewa karatasi, kila mtu akae peke yake, asinong'one na jirani, asikilize tena na kuandika alama pamoja na ushahidi wa kila alama. Matokeo yalitutia haya: kuna aliyempa mtoa tiba yule zaidi ya 50, na kuna aliyemkalisha chini ya 30, nasi sote tumesikia kikao kilekile.

Mkufunzi mkuu, mama wa makamo ambaye washiriki wote walimwita Mwalimu hata wale waliomzidi umri, hakutuambia nani amepatia. Alituuliza: katika dakika zote zile, mteja alisema maneno mangapi? Ni wapi aliulizwa anachotabiri kitatokea akikanyaga feri? Kule kuzunguka Dongo Kundu, ambako ndiko kunakoilisha hofu, kulitajwa mara ngapi? Hakukutajwa. Mtoa tiba alikuwa amezungumza vizuri kuhusu feri bila kumsogeza mteja hatua hata moja kuelekea kivukoni, si hata kwenda kusimama kwenye eneo la kusubiri na kurudi. Glenn Waller, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliandika mwaka 2009 kuhusu tabia hii ya watoa tiba kupeperuka polepole kutoka kwenye vitendo na kujikalia kwenye mazungumzo, mara nyingi kwa sababu wao wenyewe wanaogopa kumtia mteja wasiwasi. Kumwona mtoa tiba aliyepeperuka akiwa mpole na mwenye adabu kama yule ni kazi ngumu, hasa kwetu sisi tuliolelewa kuthamini maneno laini, na ni ujuzi ambao hakuna msimamizi atakayeupata kwa kusimuliwa.

Zoezi la alama lilirudiwa kwa rekodi nyingine mpaka tofauti kati yetu zikapungua. Napenda kusisitiza kwamba lengo lake halikuwa kumtoza mtu alama. Msimamizi asiyejua kupima huwa anasimamia kwa mapenzi: anayempenda humsifu kila wiki, asiyempenda humsahihisha hata anapofanya sawa. Karatasi ile humrejesha kwenye kile kilichosikika.

Sehemu ya pili iliyonifaa ilikuwa ya kuigiza. Mshiriki mmoja aliigiza msimamizi, na dada mmoja akawa msimamiwa mwenye malalamiko ambayo kila mtu katika kazi hii ameyasikia: "Mteja wangu hafanyi kazi ya nyumbani. Kila wiki anakuja mikono mitupu." Msimamizi wetu akajibu papo hapo, kwa nia njema, ampunguzie kazi na amweleze faida zake. Mwalimu akasimamisha. "Kaka, ushauri wako hauna ubaya," alisema, "lakini umemtibu mteja usiyemwona kwa kupitia mdomo wa dada huyu. Yeye mwenyewe umemfundisha nini?" Walipoanza upya, kaka yule akauliza badala ya kujibu: kazi hiyo aliipendekeza nani, wewe au mteja? Ilipangwa dakika ya ngapi ya kikao? Kikao kilichofuata ulianza kwa kuiulizia? Likajitokeza jambo ambalo halikuwamo katika malalamiko ya kwanza. Kazi ilikuwa ikitolewa mlangoni, mteja akiwa anajifunga buibui na mteja mwingine anakohoa nje, na wiki iliyofuata hakuna aliyeikumbuka. Baada ya hapo hawakuendelea kulizungumzia. Dada yule aligeuka kuwa mtoa tiba, kaka akawa mteja, wakaipanga kazi ya nyumbani upya kwa dakika tano, kwa sauti, mbele yetu, na akasahihishwa akiwa anafanya.

Utaratibu huu, wa kuuliza ili msimamiwa agundue mwenyewe na kisha kumtaka atende palepale, ndio moyo wa usimamizi katika tiba hii, na unafuata umbo la tiba yenyewe. Kikao cha usimamizi nacho huanza kwa ajenda, msimamiwa huja na swali mahsusi badala ya kuja na mteja mzima, hatua zilizokubaliwa mara iliyopita hurejewa, na mwishoni msimamiwa huulizwa kikao kimemsaidia nini na wapi hakikumsaidia. Msimamizi anayedai ajenda kwa wateja wa wengine huku vikao vyake vinaanza kwa "haya, niambie", anafundisha kinyume cha anachohubiri. Wakufunzi walilieleza hili kwa kutumia orodha ya umahiri wa wasimamizi iliyoandaliwa na Anthony Roth na Stephen Pilling wa University College London katika miaka ambayo Uingereza ilikuwa ikiwaandaa watoa tiba wengi wapya kwa ajili ya huduma za afya za umma. Orodha ni ndefu na nzuri, ila tulisomewa karibu yote baada ya chakula cha mchana, katika joto la Machi, na sidhani kuna aliyebaki nayo.

Walitutaka pia tujaze karatasi ya fikra, ile ambayo mteja huandika fikra inayomsumbua ili aipime, kuhusu hofu zetu wenyewe kama wasimamizi. Mwanzoni nililiona jambo hili la kitoto. Hata hivyo, James Bennett-Levy, mwanasaikolojia wa Australia, amekuwa akihimiza kwa miaka mingi kwamba mtoa tiba hujifunza kwa namna ya pekee anapozitumia mbinu hizi juu ya nafsi yake, na majibu yaliyosomwa siku hiyo yalithibitisha hoja. Karibu kila mmoja alikuwa ameandika fikra ya namna moja: nikiomba kusikiliza rekodi yake ataniona namshuku, na nikimwonyesha rekodi yangu atajua kwamba hata mimi nakosea. Hofu hiyo ya pili ndiyo inayowafanya wasimamizi wengi wasionyeshe kazi yao kamwe, wakabaki kuwa watu wa kutoa hukumu tu.

Sasa nije kwenye kasoro, na ya kwanza si ndogo. Mafunzo yanayosimama juu ya rekodi yalipaswa kutumia muda mrefu kueleza rekodi hizo zinapatikanaje na zinatunzwaje. Tuliambiwa "mchukue ridhaa ya mteja" na tukasonga mbele. Mombasa, ambapo mtu wa Mji wa Kale anaweza kutambuliwa kwa sauti na binamu wa msimamizi, ridhaa haimalizwi kwa sahihi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na mshauri nasaha anayerekodi kikao kwa simu ileile anayotumia kwa WhatsApp ya familia amekwisha kujiweka pabaya kabla msimamizi hajasikia neno. Nilitarajia kufundishwa mambo ya kawaida kabisa: rekodi ikae kwenye kifaa gani, iwekewe neno la siri, nani ataisikia, itafutwa lini, na mteja anaruhusiwa kubadili nia hadi hatua gani. Nilitarajia zaidi kuelezwa la kufanya mteja anapokataa, maana wengi watakataa na wana haki. Njia zipo. Msimamizi anaweza kuketi ndani ya kikao kwa idhini, anaweza kumtaka msimamiwa aigize dakika kumi za kikao kama zilivyokuwa, anaweza kusoma karatasi za fikra zilizojazwa na mteja, na anaweza kufuatilia alama za dodoso kutoka wiki hadi wiki. Hakuna kilichotajwa kati ya hivyo isipokuwa kuigiza, na hata hicho kwa kupita tu.

Ya pili ni hatari ya mteja kujidhuru. Dodoso la PHQ-9 la kupimia sonona, ambalo lina tafsiri ya Kiswahili na linatumika sana nchini, lina maswali tisa na jumla ya alama 27, na swali lake la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujiumiza. Msimamiwa anaweza kukuletea mteja ambaye alama zake zimeshuka kutoka 19 hadi 12, mkafurahi nyote wawili, kumbe swali la tisa limepanda kutoka 0 hadi 2. Msimamizi ndiye anayepaswa kuwa na mazoea ya kulitazama swali hilo peke yake kila mara, kuuliza mpango wa usalama wa mteja umeandikwaje, nani katika familia anaujua, na msimamiwa atampigia nani usiku wa Jumapili. Haya yalipewa muda mfupi mno. Tena yalifundishwa kana kwamba sheria bado ni ileile, ilhali Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Mshiriki mmoja aliuliza kama bado familia zinaogopa kumpeleka mgonjwa hospitalini kwa kuhofia polisi, akajibiwa kwa jumla tu. Kwa wasimamizi ambao wasimamiwa wao hupeleka wateja Port Reitz au Hospitali Kuu ya Pwani, swali lile lilistahili saa nzima.

Kuna suala la mamlaka pia, ambalo wakufunzi waliligusa vizuri bila kulimaliza. Brigid Proctor wa Uingereza aliwahi kuzigawa kazi za usimamizi katika mafungu matatu: kulinda viwango na maadili, kukuza ujuzi, na kumrudishia nguvu mtu aliyechoshwa na kazi. Katika vituo vingi vya hapa, anayefanya yote matatu ndiye pia anayeamua nani ataongezewa mkataba. Katika hali hiyo msimamiwa hawezi kuleta kikao chake kibaya, ataleta kizuri, na msimamizi atasikiliza vikao vizuri mwaka mzima. Nadhani jawabu la kweli ni vituo kubadilishana wasimamizi, wa Nyali asimamie wa Tudor na wa Tudor asimamie wa Nyali, ili anayekusikia ukikosea asiwe ndiye anayekulipa. Mwalimu alilikubali wazo hilo lilipotolewa na washiriki, lakini halikuwamo katika mpango wao, na kama kituo chao kingetaka kulianzisha hakuna aliye na nafasi nzuri zaidi ya kufanya hivyo.

Upande wa dini na mila walifanya vizuri kuliko nilivyotegemea. Msimamiwa mmoja wa kuigizwa alikuja na mteja aliyekwisha kusomewa na shehe ruqya, yaani kisomo cha kuponya, na anaamini wasiwasi wake unatokana na mambo kama majini au husuda. Msimamizi alifundishwa kutomvuta msimamiwa katika ubishi, bali kumuuliza imani hiyo inakaa wapi katika ramani ya tatizo, inamsaidia mteja kufanya nini na inamzuia nini. Niliona watu wakiandika kwa haraka, jambo ambalo halikutokea wakati wa orodha ya London.

Kuhusu mambo ya vitendo, ukumbi ni safi na una feni za kutosha, lakini uko ghorofa ya juu na hauna lifti, kwa hiyo wenye shida ya magoti waulize mapema. Chakula ni pilau na kachumbari, hakina lawama. Muda wa swala unaheshimiwa bila mtu kuuomba. Karatasi zote za kupimia ni za Kiingereza ilhali rekodi ni za Kiswahili, na ingawa kila mtu alimudu, ushahidi wa alama uliandikwa kwa mchanganyiko ambao msimamiwa akipewa ausome hautamfaa sana. Ada ni kubwa kwa mshauri anayelipwa na shirika dogo, ila hulipwa kwa mafungu. Cheti kinatolewa kwa kuhudhuria tu, bila kupimwa kama umeweza kusimamia, na hili ni jambo la ajabu kwa mafunzo yanayotufundisha kutowaamini watu kwa masimulizi yao.

Ningemshauri ajiunge yule ambaye tayari ametoa tiba hii kwa miaka kadhaa na ana wasimamiwa wanaomsubiri Jumatatu, kwa sababu mazoezi yale yanahitaji mtu wa kurudi naye kazini. Aliyemaliza diploma juzi asubiri, kwani atalipia mengi asiyoweza kuyatumia. Na yeyote atakayejiandikisha aulize kwanza kuhusu kikundi cha ufuatiliaji cha kila mwezi. Katika awamu yetu kiliahidiwa kuwa ndani ya ada, kisha kikaelezwa kuwa huduma ya ziada, na ndicho mahali pekee ambapo msimamizi angeleta rekodi ya usimamizi wake mwenyewe isikilizwe. Ahadi hiyo waipate kwa maandishi kabla ya kulipa fungu la kwanza.